Mita 60 Zinahesabiwa Kuanzia Wapi?

Ukiuliza Dar es Salaam nyumba inatakiwa ikae umbali gani kutoka mtoni, utajibiwa haraka: mita 60. Jibu ni sahihi, ila ni nusu. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu, pamoja na zile zinazoweza kudhuru hifadhi ya eneo, ndani ya mita 60 za ufukwe wa bahari au ziwa, ukingo wa mto au bwawa. Namba hiyo haina ubishi mkubwa. Ugomvi huanza pale kamba ya kupimia inapotakiwa kufungwa.

Chukua Mto Msimbazi, unaoteremka kutoka vilima vya Pugu hadi baharini penye Daraja la Selander. Kiangazi kuna sehemu unauvuka kwa kukanyaga mawe. Masika maji hujaa bonde zima la Jangwani na kufunga Barabara ya Morogoro. Tena kingo zake ni za udongo laini unaomomonyoka, kwa hiyo nyumba iliyoanza mbali na maji inaweza, misimu kadhaa baadaye, kujikuta imefuatwa na mto bila mwenyewe kusogeza tofali. Ukingo wake ni upi, wa Septemba au wa Aprili?

Wakenya walilijibu swali hili kwa maandishi katika kanuni zao za ubora wa maji za mwaka 2006: kati ya mita 6 na 30 kila upande wa mto, kwa kuzingatia kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Umbali wao ni mfupi kuliko wetu, lakini wanajua wanaanzia wapi. Kwa maoni yangu hilo ni bora kuliko namba kubwa inayopimwa kutoka kwenye kijito cha kiangazi.

Halafu kuna kinamasi kisicho na mto: lile dimbwi la msimu katikati ya viwanja, lenye matete na udongo mweusi unaopasuka jua likikaza. Hapo mita 60 za ukingo wa mto hazikusaidii. Kinacholinda eneo kama hilo ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ambayo katika kifungu cha 7 inaweka ardhi oevu na mikoko miongoni mwa ardhi inayoweza kutangazwa kuwa hatarishi, na mchoro wa mipango miji wa halmashauri husika. Mchoro ukionyesha bonde la wazi, hata mita 200 kutoka mtoni kibali cha ujenzi hakitakiwi kutoka.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanaponaswa. Mauziano yanaandikwa serikali ya mtaa, mwenyekiti anagonga muhuri, mashahidi wanasaini. Baadaye umeme unafika, kodi ya jengo inalipwa, risiti zinatunzwa kwenye faili. Vyote hivyo vinathibitisha kwamba umenunua na unaishi pale. Hakuna hata kimoja kinachobadili matumizi ya ardhi. Mwenye mamlaka ya upangaji ni halmashauri, na kibali cha ujenzi kinatoka huko. Hata leseni ya makazi, ambayo wengi huishika kama ngao, kifungu cha 23 cha sheria hiyohiyo ya ardhi kinaitoa kwa maeneo yasiyo hatarishi tu. Ikiwa ofisi ilikupa leseni bondeni, una hoja ya kuidai ofisi hiyo, lakini maji hayasomi leseni.

Serikali nayo haijawa mfano mzuri. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu zaidi ya 40, familia za mabondeni zilipewa viwanja Mabwepande. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 zikaja alama za X nyekundu na matingatinga. Katikati ya hayo yote, karakana ya mabasi yaendayo haraka ikajengwa Jangwani, bondeni palepale, na mafuriko yakaifuata zaidi ya mara moja. Mkazi wa Kigogo aliyevunjiwa ana haki ya kuuliza ni sheria gani inayomhusu yeye peke yake. Sasa kuna mradi wa kuliendeleza bonde hilo, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200, unaohusisha kuhamisha watu kwa fidia na kugeuza sehemu ya bonde kuwa bustani ya jiji.

Wanaobaki hutumia kifusi. Linamwagwa lori la vifusi vya ubomoaji, yanapangwa matairi na viroba vya mchanga, juu yake msingi. Kiwanja kinainuka kweli. Ila maji yaliyokuwa yakitulia pale hayajaondoka nchini. Yanakwenda kwa jirani, naye mwaka unaofuata anaita lori lake.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, nenda idara ya mipango miji ya halmashauri uombe kuona mchoro wa eneo hilo na matumizi yaliyoandikwa. Kama kuna mto, Bodi ya Maji ya Bonde (kwa Dar es Salaam ni Wami/Ruvu) ndiyo ya kuuliza mpaka wake uko wapi. Mpima ardhi wako mwenyewe, si wa muuzaji, aoneshe kwa vigingi. Kisha zunguka kwa majirani na utazame milango yao. Ukikuta vizingiti vya matofali vimejengwa hadi magotini, na mstari wa tope ukutani juu ya soketi, rudisha pochi mfukoni, hata kama dalali anaapa kwamba mwaka ule mvua ilikuwa ya ajabu.