Je, Wajua? Upepo wa Singida, Nyaya za Shinyanga

Upepo wenye nguvu ya kuzalisha umeme mwingi Tanzania huvuma zaidi Singida na Makambako kuliko Shinyanga au Geita. Hata hivyo Shinyanga inahusika moja kwa moja, kwa kuwa njia kuu ya kilovoti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida huishia huko. Kutoka Shinyanga, njia za kilovoti 220 huelekea Bulyanhulu na Geita, kwenye migodi ya dhahabu.

Ukubwa wa msongo huo ndio unaoeleza jambo linalowaumiza wanavijiji wengi: nyaya hupita juu ya mashamba ya pamba, nyumba za jirani zikabaki gizani. Umeme huo hauwezi kushushwa kwa transfoma ya kijiji. Lazima upozwe kwanza kituoni, kisha usambazwe kwa kilovoti 33. Kuufikisha vijijini ni jukumu la Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioundwa kwa sheria ya 2005 na kuchangiwa na tozo ya asilimia 3 katika manunuzi ya umeme.

Shinyanga yenyewe imepewa mradi wa jua, Kishapu, wa megawati 150 kwa awamu. Mitambo ya jua, kama ya upepo, inahitaji ardhi, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka fidia ikubaliwe kabla ardhi ya kijiji haijahamishwa. Nchini Kenya, mradi wa upepo wa Kinangop, megawati 60, ulifutwa 2016 baada ya wakazi kuupinga kwa sababu ya ardhi.