Reli fupi inayoshikilia Mto Kongo

MZIGO uliopakiwa Kinshasa unaweza kusafiri kwa maji takribani kilomita 1,700 hadi Kisangani bila kushushwa njiani. Ukifika hapo, safari ya majini hukoma. Maporomoko saba ya Boyoma, ambako wavuvi wa Kiwagenia huning'iniza mitego yao mikubwa juu ya maji, hayapitiki kwa meli. Mto haufai tena kwa usafiri hadi Ubundu.

Pengo hilo huzibwa na reli ya kilomita 125 iliyofunguliwa mwaka wa 1906. Katika ramani, reli hiyo ni mkwaruzo tu kando ya mto mkubwa. Uchanganuzi wa mitandao, hata hivyo, huipa hadhi tofauti kabisa.

Asili ya mbinu hiyo ni fumbo la madaraja saba ya mji wa Königsberg, lililofumbuliwa na mwanahisabati Leonhard Euler mwaka wa 1736. Euler alipuuza umbali na ukubwa wa mahali, akazingatia tu ni wapi kumeunganishwa na wapi. Wanajiografia nao huchora kila bandari kama nukta na kila njia kama mstari, kisha wakahesabu.

Msomaji mwenye kalamu anaweza kujaribu. Aanze na Matadi, bandari ya meli za baharini, aiunganishe kwa reli na Kinshasa. Kutoka Kinshasa apande mto hadi Kwamouth, ambako Mto Kasai huingia Kongo. Hapo njia hugawanyika. Moja hupitia Mbandaka, Kisangani, Ubundu na Kindu, kisha kwa reli hadi Kongolo na Kabalo. Nyingine hufuata Kasai hadi Ilebo, ikashika reli ya Kananga na Kamina, nayo ikaishia Kabalo. Mwisho, reli kutoka Kabalo hadi Kalemie, ng'ambo ya Kigoma katika Ziwa Tanganyika.

Hizo ni nukta 13 na mistari 13. Mtandao wa nukta 13 usio na njia ya pili popote huhitaji mistari 12. Kwa hivyo, mchoro huu wa nchi kubwa kiasi hicho, ukiondoa barabara na vijito vidogo, una mzunguko mmoja tu wa kukimbilia njia kuu inapoziba.

Sasa futa mstari wa Kisangani na Ubundu. Miji hiyo iliyokuwa hatua moja tu baina yao inatenganishwa na hatua tisa: kurudi Mbandaka na Kwamouth, kupanda Kasai hadi Ilebo, kuzunguka kwa reli kupitia Kananga, Kamina, Kabalo, Kongolo na Kindu, ndipo ushuke mto hadi Ubundu. Hakuna mfanyabiashara wa mchele atakayefunga safari hiyo. Kwake yeye njia imekufa, ingawa mchoro wadai ingalipo.

Hapo ndipo hesabu ya hatua pekee huonyesha upungufu wake. Wachanganuzi makini huupa kila mstari uzito: siku za safari, nauli, kina cha maji wakati wa kiangazi ambapo meli hukwama katika mafungu ya mchanga. Reli ya Ubundu, ambayo kwa miongo kadhaa huduma zake zimekuwa za kukatika, ni kiungo hafifu mno licha ya kuchorwa kwa wino ule ule.

Wakazi wa Kisangani walilijua jambo hilo bila mchoro. Katika vita vya 1998 hadi 2003, mstari wa mapambano ulikatiza mto kati ya mji wao na Kinshasa, na biashara ya meli ikasimama. Mji uliokuwa kitovu cha njia ukageuka kuwa ncha. Chumvi, sabuni na mafuta vilivyokuwa vikipanda kwa meli vikawa vya kutafutwa kwa ndege, au kwa baiskeli zilizosukumwa msituni.