Mtoto aliyesahaulika kwenye gari la shule: tuache kusema "uvivu" haraka

Mwaka jana mpwa wangu wa miaka minne alisahaulika kwenye gari la shule. Alikuwa amesinzia siti ya nyuma kabisa, wenzake wakashuka, mlango ukafungwa, dereva akaenda kunywa chai. Bahati ilikuwa upande wetu. Gari liliegeshwa chini ya mwembe, na baada ya kama dakika ishirini kijana anayeosha magari alifungua mlango akamkuta analia, amelowa jasho.

Dada yangu alipofika shuleni aliambiwa: "Mama, pole sana. Yule anti wa gari tumeshamwachisha kazi. Alikuwa mvivu, hakutaka hata kutembea hadi nyuma." Tukaridhika. Hata mimi niliridhika, tena nikaona shule imechukua hatua.

Wiki mbili baadaye nikajiuliza swali dogo tu: pale kwenye gari, ni nini kimebadilika? Kilichobadilika ni jina la anti. Gari ni lile lile, siti ni zile zile, utaratibu ni ule ule. Yaani mwanetu alikuwa salama kwa kiasi kile kile alichokuwa salama siku aliposahaulika.

Ndiyo maana naandika leo. Nataka tuangalie pamoja sayansi inasema nini kuhusu tukio kama hili, halafu turudi kwenye hilo neno "mvivu".

Kwanza, kwa nini dakika ni chache

Mwanga wa jua hupita kwenye vioo kwa urahisi. Siti na dashibodi huufyonza, hupata joto, na joto hilo huipasha hewa iliyofungiwa ndani. Vioo haviruhusu joto kutoka kwa urahisi kama vilivyoruhusu mwanga kuingia, na hewa ya moto haina pa kwenda. Watafiti wa Marekani walipima jambo hili kwenye gari dogo, wakachapisha matokeo mwaka 2005. Kwa wastani joto lilipanda nyuzi 22 za Selsiasi ndani ya saa moja, na karibu asilimia 80 ya ongezeko hilo ilitokea ndani ya nusu saa ya kwanza. Kushusha kioo kidogo hakukusaidia kitu cha maana.

Basi lina hewa nyingi kuliko gari dogo, kwa hiyo mwendo wa joto unaweza kutofautiana, ila njia ni ile ile. Sasa piga hesabu ya Haisi iliyoegeshwa juani Dar mwezi wa pili.

Mtoto mdogo ana shida ya ziada. Eneo la ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, hivyo hupata joto la nje haraka kuliko mtu mzima, na uwezo wake wa kujipoza kwa jasho ni mdogo. Joto la ndani ya mwili likifika nyuzi 40, hali ni ya hatari.

Ubongo unaobana matumizi

Ubongo wako ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hata ukiwa umekaa tu unatumia takriban asilimia 20 ya nishati. Jambo likirudiwa kila siku, ubongo hauendelei kulifikiria upya kila mara. Unalihamishia kwenye kumbukumbu ya mazoea, inayotegemea sehemu za ndani ya ubongo zinazoitwa basali ganglia. Ndiyo maana unafunga mlango wa nyumba, unafika kituoni, halafu unaanza kujiuliza: hivi nilifunga?

Kuna kumbukumbu nyingine, ile ya kukumbuka kufanya jambo baadaye: "nikitoka kazini nipitie dawa ya mama", au "watoto wakishashuka nikague siti ya nyuma". Hii inahitaji hipokampasi na sehemu ya mbele ya ubongo zifanye kazi kwa makusudi. Profesa David Diamond wa Chuo Kikuu cha South Florida, ambaye amechunguza kwa miaka mingi visa vya wazazi waliosahau watoto wao kwenye magari, anaeleza kwamba mifumo hii miwili hushindana, na mara nyingi mazoea hushinda. Uchovu, usingizi mdogo, mawazo na mabadiliko madogo ya ratiba huzidi kuyapa mazoea nguvu. Wahenga walisema mazoea yana taabu, nasi tunaongeza tu kwamba taabu yenyewe ina anwani kichwani.

Mfikirie sasa yule anti. Anaamka saa kumi na nusu alfajiri ili awahi kituo cha kwanza. Anafunga mikanda, anapokea mabegi, anafuta makamasi, anajibu simu za wazazi. Mara mia mbili gari limebaki tupu baada ya watoto kushuka, na mara zote mia mbili ubongo wake umejifunza somo moja: wakishuka, gari ni tupu. Siku ya mia mbili na moja haikuwa hivyo. Huyu ni mvivu kweli?

Tatizo la neno lenyewe

Ukisema "mvivu" umemaliza kuuliza. Neno hilo linaonekana kama maelezo, kumbe halielezi chochote: alisahau kwa sababu ni mvivu, na tunajua ni mvivu kwa sababu alisahau. Tunazunguka tu.

Sisemi uzembe haupo. Upo. Anayejua kuna hatua ya kukagua, ana nafasi ya kuifanya, na anairuka kwa makusudi kila siku, huyo awajibike. Lakini ubongo kupenda njia nyepesi si tabia ya watu wabaya, ni hali ya wanadamu wote, wewe na mimi tukiwemo. Swali lenye faida ni hili: je, njia nyepesi kwenye gari hili ni ile iliyo salama?

Korea Kusini walilijibu baada ya mtoto wa miaka minne kufariki ndani ya gari la kituo cha watoto huko Dongducheon, Julai 2018. Kuanzia Aprili 2019 sheria ikataka magari hayo yawe na kitufe sehemu ya nyuma. Dereva akizima injini, lazima atembee hadi nyuma akibonyeze, la sivyo king'ora kinalia. Japani nayo ilipoteza mtoto wa miaka mitatu huko Makinohara, Septemba 2022. Siku hiyo dereva wa kawaida hakuwepo, na mkuu wa chekechea ndiye aliyeendesha. Unaona lile badiliko dogo la ratiba? Vifaa vya aina hiyo vikawa vya lazima huko kuanzia Aprili 2023.

Ujanja wa kitufe hauko kwenye umeme wake. Kimegeuza mahesabu: sasa kutokagua ndiko kunakuchosha, na kukagua ndiko kunakupumzisha. Hata mvivu halisi atatembea.

Lakini kitufe kinaweza kubonyezwa na mtu asiyeangalia siti. Kwa hiyo kinga moja haitoshi. Fikiria vyandarua vikuukuu: kila kimoja kina matundu, ila ukitandika vitatu kwa pamoja, mbu hapati tundu linalopitiliza.

Vyandarua visivyo na gharama

Haya yanaweza kuanza Jumatatu, hata kwenye Haisi ya zamani.

Kwanza, bango la "GARI TUPU" linalotundikwa kioo cha nyuma. Ufunguo haupokelewi ofisini mpaka bango lionekane kutoka nje.

Pili, hesabu mbili: waliopanda na walioshuka, zinaandikwa na kusomwa kwa sauti. Sauti si mbwembwe. Jaribio lililofanywa na taasisi ya utafiti wa reli ya Japani mwaka 1994 lilionyesha kwamba kunyoosha kidole na kutamka unachokagua kulishusha makosa kutoka 2.38 hadi 0.38 kwa kila vitendo 100.

Tatu, mwalimu wa darasa asipomwona mtoto kipindi cha kwanza, mzazi apigiwe simu hapo hapo, wala si mchana.

Nne, mfundishe mtoto kupiga honi, na akishindwa kwa mikono aikalie. Jaribuni kwanza kama honi ya gari hilo inalia injini ikiwa imezimwa.

Dada yangu alipeleka hoja hizi kwenye kikao cha wazazi. Mkuu wa shule alianza kwa kutuhakikishia kwamba anti mpya ni mchapakazi. Dereva, mzee mmoja mpole aliyekuwa amesimama mlangoni, akaomba kusema. "Jamani, hata mimi siku ile nilikuwa ndani ya gari. Sikugeuka nyuma. Nifungieni hilo bango."

Bango lipo sasa. Yule anti hakurudishwa, na hilo bado linanikaa moyoni. Kesho ukimpandisha mwanao, usiulize anti ni mtu wa namna gani. Uliza: akichoka, ni nini kitamkumbusha?