Je, Wajua? Gari Laweza Kulivuta Tela Lisiweze Kuubeba Uzito Wake

Nchini Marekani, ambako familia nyingi husafiri likizoni zikivuta tela la makazi, yaani nyumba ndogo ya magurudumu yenye vitanda, jiko na choo, gari lenye injini ya kutosha kulivuta tela huweza kuzidiwa na mzigo kabla injini haijachoka. Sababu ni kwamba sehemu ya uzito wa tela, ambayo kwa kawaida hutakiwa kuwa kati ya asilimia 10 na 15, huelemea kiungio kilicho nyuma ya gari, na uzito huo hujumlishwa na ule wa abiria na mizigo yao katika uwezo wa kubeba, ambao ni kilo zinazoruhusiwa kukaa juu ya gari lenyewe. Kwa mfano, tela la kilo 3,000 likielemea kiungio kwa kilo 390, na watu watano na mabegi yao wakafikia kilo 400, gari lenye uwezo wa kubeba kilo 700 limekwisha kuzidiwa, hata kama tangazo la muuzaji hulisifu kwa kuvuta kilo 4,000. Kuhamishia mizigo nyuma ya tela si dawa, kwa kuwa tela lililopungua uzito mbele huyumba kwa urahisi likiwa kwenye mwendo wa kasi. Uzito wa tela tupu nao hupotosha, maana kila lita ya maji tangini ni kilo moja. Uwezo wa kubeba huandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva.