Mbegu ya Mchicha na Swali la Maji: Mboga, Maua na Chakula cha Ndege Kandokando ya Mto Mirongo

Mto Mirongo hukatiza Jiji la Mwanza na kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Kwa mkazi mwenye kipande kidogo cha ardhi karibu na mto wa namna hii, mchicha ni zao la karibu: hauhitaji mtaji mkubwa na huvunwa mapema. Makala hii inaeleza namna ya kuotesha mchicha kutokana na mbegu kwa matumizi matatu, yaani mboga, maua ya shada na chakula cha ndege. Hoja yake kuu ni kwamba matumizi yaamuliwe kabla ya kupanda, na kwamba mjini uamuzi huo hutegemea maji ya kumwagilia.

Mchicha ni jina la jumla la mimea ya jenasi Amaranthus. Miongoni mwa mbegu bora zilizoidhinishwa nchini Tanzania mwaka 2011 ni Madiira 1 na Madiira 2, zinazolimwa kwa ajili ya mboga. Spishi ya Amaranthus caudatus hutoa masuke marefu mekundu yanayoning'inia, yanayopendwa na wafunga maua. Jina la jenasi lina asili ya Kigiriki, likimaanisha kisichonyauka, kwani masuke yaliyokaushwa vizuri hubaki na umbo lake kwa muda mrefu.

Mbegu za mchicha ni ndogo mno. Gramu moja huweza kuwa na zaidi ya mbegu 1,000. Kwa sababu hiyo huchanganywa na mchanga mkavu ili zisirundikane. Tuta hulainishwa na kutiwa samadi iliyoiva, kisha mbegu husiwa katika mistari yenye nafasi ya sentimita 20 hivi na kufunikwa kwa udongo usiozidi sentimita moja. Zikizama zaidi, nyingi hazichomozi. Umwagiliaji uwe wa matone mepesi. Miche huanza kuonekana ndani ya wiki moja, na mboga huweza kung'olewa baada ya wiki tatu hadi nne.

Mkulima wa mboga hung'oa mmea kabla haujachanua. Anayetaka maua au mbegu hana budi kuacha mimea michache yenye afya, akiitenganisha kwa sentimita 30 hadi 50. Masuke ya shada hukatwa yakiwa na rangi kamili, yakafungwa na kuning'inizwa kichwa chini kivulini. Ya mbegu huachwa hadi punje zidondoke yakifikichwa, kisha hupepetwa kwa ungo. Yanayobaki shambani ni karamu ya chiriku na ndege wengine walao punje.

Hapa ndipo swali la maji linapojitokeza. Mto unaopita katikati ya makazi hupokea majitaka na taka ngumu. Kuosha mboga huondoa vumbi na kupunguza vijidudu, na kuipika vizuri huviua. Hata hivyo, metali nzito kama risasi na kadimiamu hufyonzwa na mizizi na kuhifadhiwa ndani ya majani. Haziondoki kwa kuoshwa wala kupikwa. Mchicha ni miongoni mwa mboga zinazofyonza metali hizo kwa urahisi.

Hivyo basi, mchicha wa kuliwa ni heri uoteshwe nyumbani, hata katika viroba vilivyojazwa udongo wa mahali salama, na umwagiliwe maji ya bomba au ya mvua yaliyokingwa. Ni kweli kwamba maji ya bomba hulipiwa ilhali ya mto ni ya bure. Lakini gharama ya bure hiyo hulipwa na mlaji asiyejua mboga yake ilikotoka. Tuta la mtoni lenye kutiliwa shaka litumike kwa maua pekee, na masuke yake yakatwe kabla ya mbegu kukomaa, kwa kuwa ndege naye hana namna ya kujua ni tuta lipi lililo salama.