Kalemie: Uyoga huota wakati jua la kuukaushia ni haba

Mvua zinaposhika mwezi wa Novemba katika jimbo la Tanganyika, msitu wa miombo ulio nyuma ya mji wa Kalemie huanza kutoa uyoga. Shida ni kwamba uyoga unaota wakati uleule ambapo jua la kuukaushia halipatikani kila siku.

Uyoga mbichi ni maji karibu asilimia 90. Kilo 10 zilizochumwa asubuhi hubaki takriban kilo 1 zikikauka vizuri. Uyoga wa kichuguu, ule wa kofia kubwa unaotoka penye mchwa, ukilala siku mbili ndani ya kikapu unalainika na kuingia funza. Kwa familia zinazoishi mbali na mji, ambako mvua hiyohiyo inaharibu barabara, usipokaushwa haufiki sokoni.

Njia ya kwanza ni jua, na haina gharama. Lakini kuna jua na jua. Uyoga uliotandazwa chini unashika mchanga katikati ya mikunjo iliyo chini ya kofia, na mchanga huo hautoki hata ukioshwa mara tatu. Watu wa Kalemie wanalijua jambo hili kupitia ndagala: waliokaushwa juu ya kichanja hawatafunwi pamoja na mchanga kama wale wa ufukweni. Jua lina faida nyingine pia, maana mwanga wake unaongeza vitamini D ndani ya uyoga. Ubaya unakuja mawingu yakifunga siku ya pili. Uyoga uliokauka nusu unavuta tena unyevu usiku, halafu unaota ukungu. Huo ni wa kutupa, si wa kuanika upya.

Ndiyo maana wengi wanakimbilia moshi wa jikoni, ambao haungoji hali ya hewa. Rangi inageuka nyeusi na ladha ya moshi inafunika ile ya uyoga wenyewe, ingawa wapo wanaoipenda hasa hiyo. Moshi mwingi unaacha pia kemikali ambazo, zikiliwa mara kwa mara, zinaweza kuchangia kansa. Kosa kubwa zaidi ni kuuweka karibu mno na moto: nje unakuwa mgumu kama ngozi, ndani bado ni mbichi, na baada ya wiki chache mfuko mzima unaoza.

Kati ya njia hizo mbili kuna sanduku la mbao lililofunikwa plastiki inayopitisha mwanga, lenye matundu chini na juu ili hewa ya moto ipite. Joto la nyuzi 50 hadi 60 linatosha. Mvua haiingii, vumbi na inzi hawafiki. Fundi seremala yeyote anaweza kulitengeneza. Plastiki ndiyo ya kununua. Hata hivyo, siku ya mawingu mazito nalo linasubiri kama kichanja. Kwa njia yoyote ile, uyoga uchanwe vipande vyembamba, wala usilowekwe kwanza ndani ya maji.

Kuchagua kunafanywa kabla ya kuchana. Kukausha hakuondoi sumu, na kupika pia hakuondoi sumu ya baadhi ya aina za Amanita, ambayo inaua ini. Kipande kikishakauka, kofia, pete na shina havionekani tena, hata mzoefu hawezi kukitambua. Mwaka 2017 watafiti André De Kesel, Bill Kasongo na Jérôme Degreef walitoa kitabu juu ya uyoga unaoliwa wa Haut-Katanga, lakini kijijini mwalimu bado ni mama au bibi anayeenda msituni na watoto.

Sokoni, mnunuzi anaweza kuvunja kipande kimoja: kikikatika kwa mlio, kimekauka, kikipinda, bado kina maji. Nyumbani, uyoga mkavu unawekwa ndani ya chombo kinachofungwa vizuri, kwa sababu hewa ya ziwa ina unyevu, na gunia halizuii kitu.