Kikao cha Chai katika Rue Royale

Mtu atokaye uwanja wa Concorde, katikati ya mji wa Paris, akielekea kaskazini kwenye kanisa la Madeleine ambalo nguzo zake zimelifananisha na hekalu la Wayunani wa kale, hana budi kupita Rue Royale, barabara fupi isiyochosha miguu, ila iwezayo kuuchosha mfuko hata wa tajiri. Kushoto kwake huanza Rue du Faubourg Saint-Honoré, ambako nyumba ya Hermès, iliyopata jina kwa kushona hatamu na matandiko ya farasi kabla ya kuuza mikoba na vitambaa vya hariri, imekaa katika jengo namba 24 tangu mwaka 1880. Na mbele yake, katika uwanja wa Madeleine, Fauchon ilianza kuuza vyakula vya anasa mwaka 1886. Baina ya maduka ya vito, manukato na hariri, katika namba 16 ya Rue Royale, pana duka la rangi ya kijani kilichopauka, jina lake Ladurée, ambalo bidhaa zake ni chai, keki na vitamutamu.

Msomaji ana haki ya kustaajabu. Chai, ambayo kwetu hunywewa na mchukuzi wa bandarini kama inywewavyo na waziri, imepataje makao katika mtaa ambao kodi ya chumba kimoja yaweza kujenga nyumba nzima mahali pengine? Na wale wanaosimama foleni mlangoni, katika baridi ya Januari, wanangoja nini ambacho hawawezi kukipika kwao kwa dakika tano? Mimi naona kwamba kiuzwacho humo hasa ni kikao, na chai ni kodi ya kiti. Na ukitaka kufahamu jinsi kikao kilivyopata kuwa bidhaa ya thamani, huna budi kurudi nyuma kidogo katika historia.

Louis Ernest Ladurée alikuwa msaga unga kutoka kusini-magharibi mwa Ufaransa, naye alipofungua duka hapo Rue Royale mwaka 1862 aliuza mikate, kama ilivyotazamiwa kwa mtu wa kinu. Mwaka 1871, Paris ilipokuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe viitwavyo vita vya Commune, moto uliteketeza majengo mengi ya Rue Royale, na duka la mikate nalo halikusalimika. Palipojengwa upya pakawa mahali pa keki, na kazi ya kupapamba akakabidhiwa Jules Chéret, mchoraji aliyekuwa na sifa kubwa kwa mabango ya rangi yaliyojaa katika kuta za mji. Naye akaijaza dari malaika wadogo wenye mabawa, mmoja wao amevaa mavazi ya mpishi wa keki na kushughulika na kazi yake mawinguni bila haya yoyote. Malaika huyo ndiye alama ya nyumba mpaka leo. Lakini fikira iliyoleta utajiri, kwa masimulizi ya nyumba yenyewe, ilikuwa ya mke wa Ladurée, Jeanne Souchard, binti wa mwenye hoteli wa mji wa Rouen, aliyeona kwamba mtu anunuaye keki apewe na kiti cha kuilia.

Jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko lionekanavyo. Mikahawa ya Paris ya zama zile ilikuwa milki ya wanaume: humo walisoma magazeti, walibishana siasa, walicheza karata na kunywa vileo, na mwanamke aliyeketi humo peke yake alijitia katika shubha. Mchoraji Edgar Degas aliichora hali hiyo katika miaka ya 1875 na 1876, mwanamke ameinamisha macho mbele ya bilauri ya absinthe, kileo kikali, na picha ile ilipoonyeshwa London mwaka 1893 ilizua makelele makubwa miongoni mwa waungwana, kana kwamba kuketi kwake tu kulikuwa dhambi. Mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe hatahitaji kuelezwa zaidi, maana baraza la kahawa na gumzo la jioni limekuwa la wanaume tangu zamani, na wanawake wakawa na vikao vyao uani. Tofauti ni kwamba bibi wa Paris wa karne ya kumi na tisa, aliyekuwa ameanza kutoka nyumbani mchana kwenda kununua vitu, alikuwa mbali na ua wake, miguu imechoka, mikono imejaa vifurushi, wala hana mahali pa kupumzika pasipo kuvunja heshima yake. Chumba cha chai kilimpa mahali hapo. Hapakuwa na vileo vya kutajika, chakula kilikuwa kitamu na chepesi, na kila aliyepita dirishani aliona wazi kwamba aliyeketi ndani alikuwa mtu wa staha.

Kwa hiyo si ajabu kwamba vyumba vya chai viliota palepale yalipoota maduka makubwa. Le Bon Marché lilikuwa limeanza kukua chini ya Aristide Boucicaut tangu mwaka 1852, na Printemps likafunguliwa mwaka 1865. Émile Zola akaona jambo hilo kuwa zito kiasi cha kuliandikia riwaya nzima, *Au Bonheur des Dames*, iliyotoka mwaka 1883. Kisha ukaja mtindo wa Kiingereza wa chai ya alasiri, na hoteli ya Ritz, iliyofunguliwa katika uwanja wa Vendôme mwaka 1898, ikaufanya kuwa ada ya matajiri. Na mwaka 1903 Antoine Rumpelmayer, mtengenezaji wa vitamutamu kutoka Austria, akafungua katika Rue de Rivoli nyumba ambayo baadaye iliitwa Angelina, kwa jina la mke wa mwanawe. Nyumba zote hizi mtu aweza kuzizungukia kwa miguu katika asubuhi moja, na maduka yaliyozilea bado yamezizunguka.

Sasa tuingie. Mgeni haingii akajichagulia meza. Husimama mlangoni akangoja kupokewa, na neno lake la kwanza liwe salamu. Wageni wengi hudhani Wafaransa ni watu wakavu, ilhali mara nyingi kosa limekuwa lao wenyewe, maana huanza kutaja haja yao bila kutamka *bonjour*. Na Mswahili, aliyefunzwa tangu utoto kwamba hodi na salamu hutangulia shida, ana faida hapa kuliko watu wengi watokao mbali. Akisha kuketishwa, ataona kwamba meza ni ndogo na zimesongamana, na yule aliyedhani kuwa bei kubwa hununua nafasi kubwa atakuta kiwiko chake kikipakana na cha jirani. Hapo huongewa kwa sauti ya chini, kwa sababu hakuna siri iwezayo kustahimili sauti ya juu.

Chai huja katika birika, pamoja na kikombe chepesi na kisahani, na maziwa, kama umeyaomba, huja kando katika kijagi. Asitazamie mtu chai iliyochemshwa pamoja na maziwa, tangawizi na iliki mpaka ikabadilika rangi. Huo ni ustadi mwingine, na kwa maoni yangu hauna upungufu mbele ya huu. Huku jani huachwa lijieleze: chai nyeusi hupewa maji yaliyokaribia kuchemka na dakika tatu hadi tano, na chai ya kijani hupewa maji yaliyopoa kidogo, kwa sababu maji makali huitia uchungu. Wafaransa waliijua chai mapema, katika karne ya kumi na saba, na Kadinali Mazarin inasemekana aliinywa kama dawa ya jongo. Na Madame de Sévigné alitaja katika barua zake bibi mmoja rafiki yake aliyeinywa kwa maziwa. Hata hivyo biashara yake ilibaki ya watu wachache. Ndugu wawili, Henri na Edouard Mariage, walianzisha nyumba yao ya chai mwaka 1854, na kwa zaidi ya miaka mia moja Mariage Frères iliuza kwa jumla tu, mpaka katika miaka ya 1980 ilipowafungulia watu wote milango na kuwawekea meza za kunywea.

Katika orodha ndefu za nyumba kama hizo, msomaji wa Afrika Mashariki atatafuta chai ya kwao, naye ataona kwamba majina ya India, China, Japani na Ceylon yameijaza. Sababu yake si ubaya wa majani yetu. Chai ilipandwa Limuru mwaka 1903, mwaka uleule Rumpelmayer alipofungua mlango wake Paris, na leo Kenya ni miongoni mwa nchi zinazouza nje chai nyeusi nyingi kuliko zote. Mnada ulioanzishwa Nairobi mwaka 1956 ukahamia Mombasa mwaka 1969, na huko huuzwa pia chai ya Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania. Ila sehemu kubwa ya chai hiyo hupitishwa katika mashine zinazoikata, kuirarua na kuiviringa ikawa punje ndogo ndogo, zitoazo rangi na nguvu kwa haraka, nazo zafaa sana kwa vifuko na kwa sufuria ya maziwa. Chumba cha chai cha Paris hutaka jani zima lililosokotwa, ambalo hufunguka polepole ndani ya birika na kutazamwa likifunguka. Na viwanda vyetu vichache tu ndivyo vinavyolitengeneza.

Pamoja na chai huagizwa macaron, na hapa inafaa tukae kidogo. Ni vipande viwili vya mviringo, upana wake kama sarafu kubwa, vilivyotengenezwa kwa unga wa lozi, ute wa yai na sukari, na baina yake mna krimu nzito. Uso wake ni laini kama ganda la yai, na chini yake pana ukingo wenye vishimo vishimo, ambao mpishi huutazama kwanza, kwa kuwa usipojitokeza, au ukijitokeza upande mmoja, ni dalili kwamba ute haukupigwa sawasawa au joko halikuwa na joto lake. Ukiuma, ganda huvunjika bila kelele, kisha meno hukutana na unyevu. Unyevu huo hauji siku ya kuokwa: nyumba ya Ladurée huzilaza macaron zake siku mbili kabla ya kuziuza, ili krimu iingie katika lozi na vitu viwili viwe kimoja. Zamani vipande viliuzwa kimoja kimoja. Kuvigandisha viwili viwili kulianza, kwa kauli ya nyumba, mnamo mwaka 1930 kwa fikira ya Pierre Desfontaines, mtu wa ukoo wa Ladurée. Mwenye kupenda halua ya lozi na sharbati ya waridi hatajiona mgeni mbele ya sahani hiyo, kwa sababu waridi na lozi ni watu wa nyumbani.

Angelina sifa yake ni nyingine. Humo huliwa keki iitwayo Mont-Blanc, mlima wa krimu juu ya povu la yai na sukari lililokaushwa katika joko, uliofunikwa kwa nyuzi nyembamba kama tambi zilizokamuliwa kutoka katika uji mzito wa chestinati. Na hunywewa chokoleti ya moto iitwayo *l'Africain*, nzito hata kijiko huenda kwa taabu, pamoja na bakuli la krimu kando. Ni tamu kweli, na kikombe kimoja humtosha mtu mpaka usiku. Ila chokoleti hutokana na kakao, na Côte d'Ivoire na Ghana hutoa zaidi ya nusu ya kakao yote ya dunia, na katika bei ya kikombe kile sehemu imfikiayo mkulima wa Kumasi ni haba mno.

Ladurée nayo haikubaki ya ukoo. Mwaka 1993 ilinunuliwa na jamaa wa Holder, wenye maduka ya mikate ya Paul, na mwaka 1997 wakafungua nyumba kubwa katika Champs-Élysées, iliyopambwa na Jacques Garcia kwa dhahabu na mahameli, upya uliovishwa uzee kwa ustadi mkubwa. Tangu hapo jina limesafiri mpaka Ginza ya Tokyo na maduka ya Dubai, ambako Waswahili wa Ghuba huweza kuonja vilevile vilivyo Paris chini ya kiyoyozi. Mimi, kama hiari ni yangu, huiacha Champs-Élysées kwa wenye haraka ya kupiga picha, nikachagua Rue Royale asubuhi ya siku ya kazi, wakati vikombe bado ni vichache na wazee wa mtaa wanasoma magazeti yao.

Chai na keki moja huweza kukaribia yuro 20, na asiyetaka kutoa kiasi hicho asione haya kununua macaron mbili dukani na kuondoka nazo, kama wafanyavyo wenyeji wengi. Lakini aliyelipa kodi ya kiti na akae. Hakuna atakayemwondolea sahani ili aone aibu, wala hesabu haitaletwa mpaka ameiomba, kwa kuwa kumletea mgeni hesabu asiyoitaka huhesabiwa kama kumfukuza. Na wageni wa Marekani, waliozoea kuletewa, huketi wakinung'unika kwamba wamesahauliwa. Inatosha kumtazama mhudumu na kusema *l'addition, s'il vous plaît*. Ujira wa huduma umekwisha kuingizwa katika bei kwa sheria ya Ufaransa, na sarafu mbili tatu zinazoachwa juu ya kisahani ni hisani ya mtoaji.